Pikipiki ya zamani inakunywa mafuta: usianze na jeti kubwa

Swali: "Fundi, habari za kazi. Nina pikipiki ya silinda moja, mipigo minne, sisi (cc) 125, ya mwaka 1974, bado iko na kabureta yake ya Keihin. Aliyeniuzia alisema enzi zake ilikuwa inakwenda kilomita 38 kwa lita. Kwangu haizidi 24, na mimi si mtu wa mbio, mara chache sana napita 80 kwa saa. Nilishauriwa nipunguze jeti kubwa, kile kipande chenye tundu linalopima mafuta ndani ya kabureta, nikatoa namba 98 nikaweka 90. Ulaji wa mafuta haukubadilika kwa kiasi cha kuonekana, ila sasa nikipanda mlima nimevuta mafuta yote, injini inachemka na nguvu zinapotea. Nirudi nilikotoka, au niendelee kushuka hadi 85?"

Jibu: Rudi ulikotoka, ndugu yangu. Rudisha namba 98 kabla hujatoka tena barabarani, na hiyo 85 iache huko huko dukani. Nasema kwa mkazo kwa sababu dalili uliyoieleza, injini kuchemka na kulegea wakati umevuta mafuta yote, hutangulia pistoni kutoboka. Injini yako inapozwa na upepo tu, na sehemu ya kazi ya kuipoza hufanywa na petroli yenyewe inapogeuka mvuke ikielekea ndani ya silinda. Wewe umeipunguza petroli hiyo mahali pale pale inapohitajika zaidi.

Shabaha yako lakini ni ya haki. Petroli huungua yote na hewa yote pale zinapokutana kwa uzito wa 14.7 za hewa kwa 1 ya petroli. Injini inayotakiwa kutoa nguvu zake zote hupenda mchanganyiko mzito zaidi, kama 13 kwa 1. Ikitembea kwa utulivu kwenye tambarare, inaweza kuvumilia mchanganyiko mwepesi wa 15.5, hata 16 kwa 1, na huko ndiko kwenye ulaji mdogo kabisa. Kwa hiyo kupunguza mafuta si dhambi. Swali ni yapunguzwe mkono wa mafuta ukiwa wapi.

Kabureta ya slaidi kama yako, yaani yenye kizuizi kinachopanda unapovuta mkono, haina njia moja ya mafuta. Ina njia zinazopokezana kadiri unavyovuta mkono. Kuanzia mkono umefungwa hadi kama thumuni (sehemu moja ya nane), inayotawala ni jeti ndogo na skrubu yake. Kuanzia thumuni hadi robo, mkato ulio chini ya slaidi ndio unaoamua. Kuanzia robo hadi robo tatu, ni ile sindano ndefu inayoning'inia kwenye slaidi, pamoja na jeti inamochezea sindano hiyo. Jeti kubwa hushika usukani baada ya robo tatu. Mipaka hii huingiliana, haikukatwa kwa kisu, ila mpangilio ndio huo.

Sasa fanya jaribio dogo lisilohitaji spana. Bandika utepe wa karatasi kwenye mpini wa mafuta na mwingine kwenye kifuniko chake kisichozunguka. Weka alama mkono ukiwa umefungwa, kisha kwenye thumuni, robo, nusu, na robo tatu. Tembea safari yako ya kila siku huku ukitupia jicho alama hizo pale barabara inaporuhusu. Karibu kila niliyemfanyisha jaribio hili alishangaa, kwa sababu mtu hudhani anavuta nusu kumbe maisha yake yote anayaishi kati ya thumuni na robo, akigusa nusu anapopanda au anapopita gari. Wewe usiyependa mbio utakuwa hapo hapo. Jeti uliyoibadilisha inatawala sehemu ya mkono ambayo huifiki ila mlimani, ndiyo maana tangi halikuona faida na mlima umeona hasara.

Tuipige hesabu, maana hapa ndipo watu wengi wanapopotea. Jeti za Keihin za aina yako huhesabiwa kwa kipenyo cha tundu: 98 ni milimita 0.98, na 90 ni milimita 0.90. Eneo la tundu la kwanza ni milimita za mraba 0.754, la pili 0.636. Umepunguza karibu asilimia 16. Ukiwa umevuta mafuta yote, sindano imepanda, njia yake iko wazi, na jeti kubwa ndiyo mlango mwembamba kuliko yote; upungufu huo unaingia injini karibu wote. Kama ilikuwa kwenye 13 kwa 1, umeisukuma hadi zaidi ya 15 kwa 1 wakati imebeba mzigo wake mkubwa kabisa. Hapo ndipo joto lilipotoka.

Kwenye robo mambo ni tofauti. Tuseme tundu la jeti ya sindano lina kipenyo cha milimita 2.60, na sehemu ya sindano iliyo ndani yake wakati huo ina unene wa 2.50. Mafuta yanapita kwenye pete nyembamba iliyobaki kati yao, yenye eneo la milimita za mraba 0.40 hivi. Pete hiyo ni nyembamba kuliko tundu la jeti kubwa, lile la 98 na hata la 90, kwa hiyo yenyewe ndiyo inayobana. Ukizihesabu zote mbili kama milango miwili inayofuatana, kutoka 98 hadi 90 kunapunguza mafuta kwa asilimia 4 tu mkono ukiwa pale. Kwenye kilomita 24 kwa lita, hiyo ni tofauti ya kilomita moja, ambayo upepo wa usoni unaweza kuimeza kwa siku moja.

Ichukue pete hiyo hiyo, sasa tuseme tundu la 2.60 limelika likawa 2.63. Ongezeko ni milimita 0.03, chini ya nusu ya unene wa unywele wa kichwani. Eneo la pete linapanda kutoka 0.40 hadi 0.52. Pete imepanuka kwa karibu theluthi, na ukiihesabu pamoja na jeti kubwa kama milango ile miwili, ni kama sehemu moja ya tano ya mafuta zaidi, mkono ukiwa mahali unapoishi siku nzima, na hakuna mtu aliyegusa kitu. Si mafuta yote ya robo yanayopita hapo, mengine yanatoka kwenye jeti ndogo, kwa hiyo usinishike kwa asilimia. Lakini unaona uzito ulipo. Jeti kubwa iliyopunguzwa namba nane haikufua dafu, na uchakavu usioonekana kwa macho unatosha kubeba sehemu kubwa ya tofauti kati ya 24 na 38.

Hivyo ndivyo ninavyoliona tatizo lako: kabureta yako haijakosewa mpangilio, imechoka. Kabureta iliyochoka hairekebishwi kwa kuipangia upya, unairudisha kwanza kwenye vipimo ilivyozaliwa navyo, ndipo unapoigusa kwa kalamu nyembamba.

Kwa nini jeti ya sindano huchoka? Ni ya shaba nyeupe laini, na sindano iliyomo ndani yake haitulii. Kila mpigo wa injini unavuta hewa kwa mshtuko, na slaidi iliyolegea inacheza mbele na nyuma, na sindano inacheza nayo ikisugua ukuta wa jeti. Ongeza vumbi lililopita kwenye chujio la hewa lililochanika na unapata msasa. Ndiyo maana tundu mara nyingi haliliki kwa mduara. Linakuwa kama yai. Itoe jeti hiyo, isafishe, iangalie kwenye mwanga kwa lenzi ya kukuzia. Ukiona yai, mjadala umekwisha. Ukiona duara, bado usiiamini, kwa sababu jicho halioni 0.03, linganisha na jeti mpya ya namba ile ile, au ipime kwa pini za vipimo kama fundi wa mashine anazo. Sindano nayo iangalie ubavuni. Sehemu iliyong'aa kama kioo, au yenye mstari unaoshikika kwa ukucha, imelika. Vibadilishe viwili hivyo kwa pamoja, maana kipya kikiingia kwa kichakavu vipimo vyake havioani.

Unapotafuta vipya kuwa mwangalifu na vile vifurushi vya bei rahisi vyenye kila kitu ndani. Nimekwisha kuona sindano za vifurushi hivyo zenye mteremko tofauti kabisa na ya asili, namba zikiwa ni zile zile. Usitupe shaba ya asili hata ikiwa imechakaa. Iweke kwenye chupa, ndiyo shahidi wako wa urefu wa sindano, idadi ya matundu na namba iliyochapwa na kiwanda.

Kuna kitu kingine ambacho karibu kila mtu hukielewa kinyume, nacho ni uchafu. Tunadhani kabureta chafu huinyima injini mafuta. Hiyo ni kweli kama uchafu umeziba njia ya mafuta. Lakini ndani ya kabureta kuna njia za hewa pia. Chini ya jeti ya sindano kuna mrija wenye matundu madogo ubavuni, na hewa inayoingia humo kupitia njia yake ndogo iliyo mdomoni mwa kabureta hulichanganya petroli na mapovu kabla halijarushwa. Mapovu hayo hupunguza petroli inayovutwa na kuisaidia ipasuke kuwa ukungu laini. Gundi ya petroli iliyokauka ikiziba matundu hayo, inayopungua ni hewa, mafuta yanaongezeka, tena yanatoka matone makubwa ambayo hayaungui yakaisha. Pikipiki inakula mafuta kwa sababu ya uchafu, na kila unapoona moshi mweusi unakimbilia kupunguza jeti isiyo na kosa.

Safisha kwa dawa ya kabureta na hewa ya kompresa, ukiona mwanga unapita katika kila tundu. Usitumie waya wa chuma, nakuomba sana. Mwanzoni mwa kazi yangu nilizibua jeti ya mteja kwa waya wa breki ya baiskeli, nikamrudishia pikipiki inayowaka vizuri mno, akarudi baada ya wiki mbili kuniambia inamaliza tangi mapema kuliko alivyoileta. Nilikuwa nimelipanua tundu na sikujua. Unywele mgumu wa mswaki wa nailoni unatosha, na kama hautoshi, loweka jeti yenyewe usiku kucha.

Kisha floti, lile boya linalofunga petroli isizidi kuingia bakulini. Petroli hukaa kwenye bakuli kwa kimo maalumu, na injini huinyonya kutoka kimo hicho. Kikipanda kwa milimita mbili tatu, petroli ina safari fupi zaidi ya kupanda, kwa hiyo inamiminika zaidi kwenye kila nafasi ya mkono, na zaidi mno kwenye nafasi ndogo ambako mvuto ni hafifu. Yaani pale pale unapoishi. Vitu vinavyokipandisha ni vitatu: ulimi wa floti uliopinda, sindano ndogo ya floti yenye mkwaruzo wa pete kwenye ncha yake, na floti ya shaba iliyotoboka ikanywa petroli. Hiyo ya mwisho itikise sikioni. Ukisikia maji maji, imetoboka. Ukiwa na shaka, baada ya kuikausha kabisa izamishe kwenye maji ya moto, na tundu litajitaja lenyewe kwa mapovu. Maji hayo yachemshie mbali na petroli.

Kupima kimo cha floti kwa rula ukiwa umegeuza kabureta chini juu ni sawa, na kitabu cha pikipiki yako kitakupa milimita zake. Mimi huamini zaidi mrija mwangavu. Kama bakuli lako lina tundu la kumwagia petroli, chomeka mrija huo, uinue ubavuni mwa kabureta, fungua koki ya mafuta, na petroli itasimama ndani ya mrija kwa kimo kile kile kilichomo bakulini. Pikipiki iwe wima. Halafu acha koki wazi kwa dakika kumi bila kuwasha. Kimo kikizidi kupanda polepole, sindano ya floti haifungi.

Nimekupeleka moja kwa moja kwenye kabureta kwa sababu ndiyo uliyouliza, lakini kabla hujaifungua kuna mambo ya kuondoa njiani, la sivyo utairekebisha kabureta ili ifiche ugonjwa wa kiungo kingine. Kubwa zaidi ni taiming ya moto, yaani wakati cheche inapopiga. Mchanganyiko mwepesi wa mkono mdogo huungua polepole, kwa hiyo unahitaji cheche mapema. Pikipiki za umri huo zenye pointi, ile swichi ndogo inayokata umeme ili cheche ipige, zina vizito viwili vidogo vyenye springi, vinavyofunguka kadiri injini inavyozunguka ili kuiwahisha cheche. Vikishika kutu, cheche inachelewa, petroli inamalizikia kuungulia kwenye bomba la moshi, nawe unavuta mkono zaidi kutafuta nguvu ambazo zimekwishapotea. Niliwahi kuifungua kabureta ya pikipiki moja mara tatu, nikiwa na hakika kwamba ndiyo yenye kosa. Kosa lilikuwa vizito hivyo, vimeganda kwa kutu na grisi kavu. Tone la mafuta mepesi na springi mpya vilifanya kilichoshindikana kwa siku mbili za kazi ya kabureta. Tangu hapo siigusi kabureta ya mtu kabla ya kuangalia kwa taa ya taiming kwamba alama inasogea vizuri ninapoongeza mafuta, na inarudi ninapoachia.

Mengine ni ya haraka. Nafasi ya pointi na ya valvu ziwe kama kitabu kinavyosema. Inua kila gurudumu ulizungushe kwa mkono. Likisimama mapema breki inashika. Cheni isiwe kavu wala isikazwe kama kamba ya gitaa, matairi yawe na upepo wake. Choki, kile kizuizi cha hewa cha kuwashia injini ikiwa baridi, ifunguke yote unapoirudisha, kwa sababu kebo au mkono uliolegea unaweza kuiacha imefunga kidogo na ukaendesha hivyo mwaka mzima. Chujio la hewa liwe safi na liwe lile lile la aina yake. Kulivua ili injini ipumue vizuri ni kuvuruga hesabu yote ya kabureta na kukaribisha lile vumbi linalokula jeti ya sindano. Mpira unaounganisha kabureta na injini uutazame kwenye mikunjo. Ukiwa na ufa, hewa ya wizi inaingia, na mtu aliyekutangulia huenda aliongeza mafuta ili kuifunika hewa hiyo. Injini ikiwa imewaka kwa mzunguko wa chini, nyunyizia maji kidogo kwenye mpira huo kwa chupa ya kupulizia. Mlio ukibadilika, umepata.

Baada ya hayo yote, na jeti kubwa ikiwa 98, sasa tunaweza kupanga. Anza na skrubu ya jeti ndogo, injini ikiwa na joto la safari ya dakika kumi na tano. Kwanza ijue ni skrubu ya nini. Ikiwa iko upande wa chujio la hewa, yaani nyuma ya slaidi, inapima hewa, na kuilegeza hupunguza mafuta. Ikiwa iko upande wa injini, inapima mafuta, na kuilegeza huyaongeza. Watu wameungua vidole kwa kutojua tofauti hii. Ikaze polepole hadi iguse, usiibane, kisha ilegeze mzunguko mmoja na nusu kama mahali pa kuanzia. Kutoka hapo isogeze robo robo ukitafuta pale injini inapozunguka kwa kasi na utulivu kuliko kwingine, halafu punguza mzunguko kwa ile skrubu nyingine inayoinua slaidi. Kama sehemu nzuri inapatikana skrubu ikiwa imekazwa karibu yote, au imelegezwa zaidi ya mizunguko mitatu, jeti ndogo yenyewe si namba yake, au kuna hewa ya wizi.

Halafu sindano ndefu, ambayo ndiyo kiini cha jibu hili. Sindano nyingi za namna hii zina mifereji mitano juu, na klipu ndogo huketi kwenye mmoja wao. Ukiipandisha klipu kwenye mfereji wa juu zaidi, sindano yenyewe inashuka, pete inakuwa nyembamba, mafuta yanapungua. Ukiishusha klipu, sindano inapanda. Anza na mfereji uliotajwa kwenye kitabu, ambao mara nyingi ni wa katikati. Ukishaweka jeti ya sindano na sindano mpya, tembea hivyo hivyo tangi moja zima kabla ya kugusa klipu. Huenda usihitaji zaidi.

Kujua kama mfereji uliopo ni mzito au mwepesi, tafuta barabara nyoofu, tupu, injini ikiwa na joto kamili. Shika mkono kwenye robo bila kuyumba. Sogeza choki kidogo tu. Injini ikilemewa hapo hapo, mchanganyiko ulikuwa sawa au mzito. Ikichangamka, ulikuwa mwepesi, na usiendelee kupunguza. Kipimo cha pili ni kufunga koki ya mafuta ukiwa unatembea hivyo hivyo kwenye robo. Bakuli linapokauka, mchanganyiko unakuwa mwepesi polepole hadi injini izime. Kama muda mfupi kabla ya kuzima inavuta vizuri kuliko ilivyokuwa ikivuta, ilikuwa ikilishwa kupita kiasi. Pandisha klipu mfereji mmoja. Kama inalegea moja kwa moja pasipo kuchangamka, uko karibu na penyewe. Fanya haya pale ambapo hakuna anayekufuata nyuma, vidole vikiwa juu ya klachi, na mkono wa kushoto ukijua koki ilipo bila kuitazama.

Plagi isomwe kwa uangalifu. Plagi ya wiki nzima inakuonyesha wastani wa kila kitu, pamoja na zile dakika tano za asubuhi ukiwa na choki. Weka mpya, tembea kilomita nne au tano mkono ukiwa kwenye robo, kisha kata moto na ushike klachi kwa mpigo mmoja, usiiache injini inguruma. Petroli ya leo isiyo na risasi haiachi ile rangi ya kahawia iliyosimuliwa kwenye vitabu vya zamani. Kauri inaweza kubaki karibu nyeupe na injini ikawa salama. Chungulia ndani kabisa, kwenye shina la kauri linapozama kwenye chuma. Pete hafifu ya kijivu au kahawia pale ni njema. Masizi makavu hadi mdomoni ni mafuta mengi. Kauri nyeupe kama chaki, yenye vidoti vinavyong'aa kama vumbi la chuma, ni pistoni inayoanza kuyeyuka: simama, ongeza mafuta kwenye mchanganyiko, usijaribu kwenda nayo nyumbani.

Kama petroli unayoinunua ina ethanoli, liweke hili akilini. Petroli yenye asilimia 10 ya ethanoli inahitaji hewa kidogo zaidi ya 14 kwa 1 badala ya 14.7, kwa hiyo kabureta iliyopangwa kwa petroli tupu inakuwa nyepesi kiasi bila wewe kufanya lolote. Tena ina nishati pungufu kwa karibu asilimia 3 kwa kila lita. Sehemu ndogo ya zile kilomita zilizopotea haiko kwenye pikipiki yako kabisa, iko kwenye petroli. Na ni sababu nyingine ya kutoshuka na jeti kubwa.

Mwisho, kipimo. Ile 24 umeipataje? Tangi moja halitoshi. Jaza hadi alama ile ile, pikipiki ikiwa kwenye stendi ile ile na mahali tambarare, tembea, jaza tena hadi alama hiyo, gawa kilomita kwa lita. Fanya matangi matatu ndipo utoe wastani. Na mita ya kilomita ya mwaka 1974 usiiape. Ilinganishe na simu yenye GPS kwenye safari ya kilomita 20, kwa sababu mita inayopunja kilomita mbili katika kila ishirini imekwisha kukuibia asilimia 10 ya ulaji wako kwenye karatasi. Badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja, uandike tarehe, mfereji wa klipu, mizunguko ya skrubu, na lita. Mwendo nao uwe ule ule: nguvu ya upepo hupanda kwa mraba wa mwendo, na anayetembea 80 anasukumana na upepo wenye nguvu mara moja na nusu ya anayetembea 65. Wiki moja ya haraka inaweza kulifanya tengenezo jema lionekane bure.

Ukishaweka jeti ya sindano mpya, kimo cha floti kikawa sawa, na taiming ikasogea inavyopaswa, ningetarajia uione 32 au 33 kabla hata ya kugusa klipu. Ukipandisha klipu mfereji mmoja na injini ikaendelea kuvuta bila kusitasita unapofungua mkono ghafla, baki hapo. Ikianza kukohoa kwenye kabureta, au kuyumba-yumba ukiwa kwenye mwendo mmoja, mfereji huo umezidi. Rudi chini mmoja, funga kifuniko, na jeti kubwa iache kwenye 98 yake. Ukimaliza matangi matatu niandikie namba zako, pamoja na namba iliyochapwa kwenye sindano ya zamani na umbo la tundu la jeti uliloliona kwenye lenzi.